Mtoto Akaribiapo Miaka Miwili: Ukaidi Wake na Ukimya Wake

Yako maneno mawili ambayo kila mama wa Oyugis mwenye mtoto wa karibu miaka miwili huyasikia tangu kuche hata kuchwe. La kwanza ni "adagi", yaani nimekataa. La pili ni "mara", ambalo si mara ya Kiswahili, bali kwa Kijaluo maana yake ni changu. Mtoto akivishwa nguo, adagi. Akipewa uji katika kikombe kisicho chake, adagi. Ndugu yake akiketi juu ya kigoda, hata kama kigoda hicho ni cha nyanya, mara. Asiposikilizwa hujitupa chini na kulia mpaka jirani huja kuuliza kuna nini.

Oyugis ni mji wa soko katika Kaunti ya Homa Bay, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kisii, na katika soko lake Wajaluo na Wakisii hununua na kuuza pamoja. Akina mama wa makabila yote mawili huuliza swali moja: mtoto huyu, ambaye mwaka jana alichukuliwa na kila mtu akicheka, amepatwa na nini? Wengine husema amedekezwa. Wengine husema afaa kuchapwa. Wazee wengine wa Kijaluo husema labda yuko mhenga ambaye jina lake halijapewa mtoto, naye ndiye amliziaye. Makala hii yataka kueleza jinsi mtoto wa umri huu alivyo mwilini na akilini, na kwa nini yule anayesumbua mara nyingi ni mzima, hali yule aliyenyamaza yafaa aangaliwe upesi.

Tuanze na mwili, kwa kuwa hapo mambo ni mepesi kupimika. Mtoto wa kiume mwenye afya njema, atimizapo miaka miwili, huwa na uzito wa kadiri ya kilo 12, na wa kike kilo 11 na nusu. Urefu wao ni sentimita 86 hadi 88 hivi. Watoto hutofautiana, na aliye chini kidogo ya hapo si lazima awe mgonjwa. Jambo kubwa ni kwamba mstari wake katika kijitabu cha kliniki uzidi kupanda. Vipimo hivyo havikutokana na watoto wa Kizungu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilivitangaza mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa nchi sita, ambazo ni Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana ya kwamba mtoto mdogo akinyonyeshwa vyema, akalishwa na kukingwa na maradhi, hukua karibu sawasawa popote alipozaliwa. Yaani mtoto wa Oyugis akiwa mfupi mno kwa umri wake, tusikimbilie kusema ndiyo damu ya ukoo wao.

Kuhusu kutembea, watoto wengi sana huwa wamesimama na kwenda wenyewe kati ya mwezi wa 8 na wa 18. Hapa mafunzo ya nyumbani yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Charles Super, aliwachunguza watoto wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet, nchini Kenya, akaandika habari zao mwaka 1976. Aliwaona wakikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Kizungu, kwa sababu mama zao huwafundisha kwa makusudi. Lakini katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwatangulia wenzao. Mtoto huotesha kile kinachomwagiliwa maji.

Sasa tuingie katika akili, ambako ndiko kwenye utata. Mtoto wa mwaka mmoja hajui vizuri mahali ambapo yeye anakoma na mama yake anaanza. Kati ya miezi 18 na 24 jambo kubwa humtokea: hutambua ya kwamba yeye ni mtu peke yake, mwenye jina, mwenye vitu, mwenye kutaka na kutotaka. Ndiyo sababu maneno "nimekataa" na "changu" hutokea wakati mmoja. Mtu akigundua ya kwamba ana kiwanja chake, jambo la kwanza atakalofanya ni kuweka ua.

Huko Ulaya na Marekani wataalamu hupima jambo hili kwa kioo. Humpaka mtoto alama usoni bila yeye kujua, kisha humwonyesha kioo; akijigusa usoni, husema amejitambua. Lakini kipimo hicho kilipoletwa kwa watoto wa Kenya, kama ilivyoandikwa mwaka 2011, wachache mno walijigusa, hata walio wakubwa kuliko miaka mitatu na minne. Wengi walisimama kimya wakitazama. Wenye kupima hawakusema ya kwamba watoto hao hawajijui. Walifahamu ya kwamba mtoto aliyelelewa kwa heshima, akipakwa kitu na mgeni, hungoja aambiwe la kufanya. Sisi twaona hili ni somo zuri kwa wauguzi: mtoto asiyejibu mbele ya mgeni mwenye koti jeupe si mjinga wala si bubu. Waulizwe dada zake jinsi anavyosema wakiwa peke yao jikoni.

Kwa nini basi kukataa kwake kufuatwe na kilio kikubwa namna ile? Ubongo wa mtoto wa miaka miwili umekwisha kufikia asilimia 80 hivi ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, lakini sehemu ya mbele, ile yenye kazi ya kuzuia hasira na kungoja zamu, ndiyo huchelewa kuliko zote kukomaa, na haikomai mpaka mtu amekwisha kuwa kijana. Tena maneno yake ni haba. Anajua vema anachotaka, lakini hana namna ya kukieleza, naye hana breki. Kumwambia "nyamaza sasa hivi" ni kumtaka atumie chombo ambacho bado hajapewa.

Waluo wenyewe wana maneno mazuri ya kufahamia jambo hili. Mwaka 2001 wataalamu waliochunguza maana ya akili kwa Wajaluo waliandika ya kwamba watu hao hawaitaji akili kwa neno moja. Wanayo "rieko", ambayo ni ujuzi na werevu, "luoro", heshima, "winjo", kusikia na kufahamu jinsi ya kutatua mambo, na "paro", fikira za mtu mwenyewe na kuthubutu kuanza jambo. Mzazi akimwona mtoto wa miezi 22 akisukuma mkono wa mama ili ajilishe mwenyewe, aone hiyo ni paro inayochipuka. Luoro itafundishwa, na Wajaluo wajua sana kuifundisha, lakini haiwezi kupandwa mahali ambapo hakuna kitu kilichoota.

Hata hivyo watoto hawana tabia moja, na hili mama aliyezaa watoto sita hahitaji kuambiwa na daktari. Mmoja huenda kwa kila mtu. Wa pili hujificha nyuma ya leso ya mama mpaka mgeni amalize chai. Wa tatu hulia kwa ajili ya kila badiliko. Wajaluo humwita mtoto kwa wakati aliozaliwa, Atieno kwa usiku au Onyango kwa asubuhi, kisha humpa jina la mhenga, na watu huangalia kama amechukua na tabia ya mhenga huyo. Nako New York, madaktari wawili, mume na mke, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza mwaka 1956 kuwafuata watoto wengi tangu uchanga, wakaona ya kwamba tofauti hizo huonekana mapema sana na hazitokani na makosa ya mama. Waliwagawa watoto wengi katika makundi matatu: wepesi, wagumu, na wenye kuzoea polepole.

Watu waliposoma habari hizo walidhani mtoto mwepesi ndiye mwenye bahati. Ndipo daktari mmoja, Marten deVries, alipokwenda kwa Wamasai wakati wa ukame wa mwaka 1974. Alikuwa ameandika ni watoto gani wachanga walio wepesi na wagumu. Aliporudi baadaye, ng'ombe wengi wakiwa wamekufa, alikuta ya kwamba miongoni mwa watoto aliofaulu kuwapata tena, waliokufa zaidi ni wale wapole. Wale wenye kulia na kusumbua wengi wao walipona. Idadi ya watoto hao ilikuwa ndogo, na hatupaswi kuifanya sheria. Lakini maelezo yake yaingia akilini: wakati wa njaa, mtoto anayepiga kelele hunyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mtoto mpole hungojea.

Hatari ya Mtoto Aliyenyamaza

Katika miaka ya 1930 daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi katika Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Aliona watoto wengi wa mwaka mmoja hadi minne wenye miguu iliyovimba, ngozi iliyochubuka na nywele zilizofifia rangi. Mwaka 1935 aliutangaza ugonjwa huo kwa jina walilolitumia akina mama wa huko wenyewe, kwashiorkor, ambao Waswahili huita kwashakoo. Maana ya jina hilo ndiyo itupasayo kukumbuka: ni ugonjwa unaompata mtoto wa kwanza anapozaliwa wa pili. Yaani akina mama walikwisha kufahamu, kabla ya madaktari, ya kwamba huyu ni mtoto aliyeondolewa penye ziwa kabla ya wakati wake. Huko Mulago, Uganda, Dakta Hugh Trowell na wenzake walishughulika na ugonjwa huo huo, wakatoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954.

Kila aliyewauguza watoto hao atakuambia dalili iliyo ya kusikitisha kuliko uvimbe. Mtoto hataki kucheza. Hasukumi mkono wa mtu, hasemi "changu". Huketi mahali alipowekwa, na akiguswa hunung'unika kwa sauti ndogo. Baya zaidi, uvimbe humfanya aonekane mnene, na watu wa nyumbani husema, "Afadhali, siku hizi ametulia."

Sehemu za Oyugis na Kabondo zasifika kwa viazi vitamu, na mahindi nayo hayakosekani. Kwa hiyo mtu huuliza, mtoto atapataje utapiamlo katika nyumba yenye viazi vingi? Jibu ni kwamba viazi na uji wa mahindi mtupu hujaza tumbo bila kujenga mwili. Viazi vya rangi ya machungwa vina faida kubwa ya vitamini A, ambayo hulinda macho na kusaidia mwili kupigana na maradhi, lakini havina protini ya kutosha. Ziwa lilipoondolewa, protini iliondoka nalo, na hapana budi iletwe kwa njia nyingine: omena zilizokaushwa na kutwangwa unga zikatiwa katika uji au mboga, maharagwe yaliyopondwa, yai, maziwa, njugu zilizosagwa. Njugu nzima asipewe mtoto wa umri huu, zaweza kumkaba. Tumbo lake ni dogo, basi ale mara nne au tano kwa siku, katika bakuli lake mwenyewe. Akila katika sinia moja na kaka zake wa miaka minane, mchuzi utakwisha yeye akiwa bado anashughulika na tonge la kwanza.

Njaa siyo peke yake inayomnyamazisha mtoto. Malaria ya mara kwa mara na minyoo hupunguza damu, na mtoto mwenye damu haba huchoka, huwa mwoga, hung'ang'ania mama wala hachunguzi vitu. Sikio litokalo usaha huweza kumzuia asisikie, kisha akaitwa mkaidi kwa kuwa haji anapoitwa. Pia iko huzuni. Mtoto aliyepelekwa ghafula kwa nyanya ili aachishwe ziwa, asimwone mama kwa majuma mengi, kwanza hulia, kisha hunyamaza, na unyamavu huo watu huuita kuzoea. Mwishowe mama akija, huweza kugeuza uso.

Wako wasemao ya kwamba mtoto akikonda hivyo amepatwa na chira, yaani kuna mwiko uliovunjwa nyumbani. Hatukuja kubishana na wazee juu ya miiko yao. Lakini twasema wazi ya kwamba mtoto mwenye miguu iliyovimba hawezi kungoja kikao cha ukoo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mazungumzo yaendelee nyuma yake. Huko muuguzi atampima kwa utepe katika sehemu ya juu ya mkono: ukionyesha chini ya sentimita 11 na nusu, hiyo ndiyo rangi nyekundu, na mtoto yuko katika hatari kubwa, kutoka hapo hadi 12 na nusu ni manjano, naye ahitaji kuongezewa chakula na kuangaliwa. Na kama miguu yote miwili imevimba, yatosha kumtia hatarini hata utepe ukionyesha kijani.

Juu ya kuachisha ziwa, Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye hadi miaka miwili au zaidi, pamoja na chakula. Mama akipata mimba mapema, maziwa yake hayageuki sumu, kama wasemavyo wengi. Akiwa na afya njema na akila vizuri, aweza kuendelea kunyonyesha kwa kitambo huku akishauriana na kliniki. Ikilazimu kuacha, aache kidogo kidogo: kwanza ziwa la mchana, baadaye la usiku. Kupaka pilipili penye ziwa ni njia ya haraka, lakini twamwonea mtoto huruma, maana mahali alipozoea kupata faraja pamemuuma pasipo yeye kujua kosa lake.

Nani Amshike Mtoto

Tangu zamani, mama wa Kijaluo akienda shambani humwacha mtoto kwa "japidi", mlezi mdogo, ambaye kwa kawaida ni dada wa miaka saba hadi kumi hivi. Jambo ambalo watu wengi wa Oyugis hawalijui ni kwamba mji wao umeandikwa katika vitabu vya wataalamu ulimwenguni kwa ajili ya walezi hao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanamke Mmarekani, Carol Ember, alikaa huko, wakati huo ikiwa Wilaya ya South Nyanza, akiwachunguza wavulana. Katika nyumba nyingi dada hakuwapo, na mvulana ndiye aliyeteka maji, akapika na kushika mtoto. Katika maandishi yake ya mwaka 1973 alieleza ya kwamba wavulana waliofanya kazi hizo za nyumbani hawakuwa wagomvi wala wenye kupenda kutawala wenzao kama wavulana wengine. Wazazi wanaoona haya kumpa mvulana mtoto amshike wangefaa kusoma habari hizo.

Lakini siku hizi japidi yuko shuleni. Tangu karo ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2003, na sheria ya mwaka 2013 kumlazimu kila mtoto asome, mlezi huyo hupatikana jioni na Jumamosi tu. Hili ni jambo jema, ila limeacha pengo. Katika vijiji pengo hilo hujazwa na nyanya, na katika kaunti hii, iliyopigwa na Ukimwi kuliko nyingi za Kenya, nyanya wengi wamelea wajukuu bila msaada wa mtu. Mjini, mama auzaye sokoni huja na mtoto, akamlaza chini ya meza ya nyanya na vitunguu, au humwacha kwa jirani anayewashika watoto kumi kwa malipo kidogo. Mahali pa namna hiyo, msifu mlezi si kwa sababu nyumba yake ni kimya. Uliza ni nani aliyezungumza na mtoto wako leo, na alikula nini.

Maana maneno huja kwa kusemeshwa. Kufikia miaka miwili watoto wengi huwa na maneno 50 au zaidi, nao huanza kuyaunganisha mawili mawili: "kel pi", lete maji; "mama bi", mama njoo. Mtoto wa Oyugis huweza kusikia Kijaluo nyumbani, Kikisii sokoni, Kiswahili katika matatu na Kiingereza redioni. Hayo hayamchanganyi akili. Yahesabiwe maneno yake ya lugha zote pamoja, na mama aseme naye lugha anayoijua vizuri zaidi, siyo Kiingereza cha kubahatisha.

Na hasira je? Kiboko chaweza kumnyamazisha mtoto wa umri huu, lakini hakimfundishi, kwa kuwa hakumbuki mpaka kesho ni kwa nini alichapwa. Hukumbuka ni nani aliyemchapa. Njia iliyo bora wanayo wazee wenyewe, nayo ni kumtuma. "Mpelekee nyanya kikombe hiki." Mtoto aliyekuwa akikataa kila kitu hukishika kikombe kwa mikono miwili na kwenda kama tarishi wa serikali. Pengine mpe kuchagua, kikombe chekundu au cha kijani, badala ya kumwuliza kama atakunywa. Akilala chini na kulia, mwondoe penye moto na barabara, ukae karibu naye bila maneno mengi mpaka pumzi imrudi. Tena kilio cha saa kumi na moja jioni mara nyingi ni usingizi tu: mtoto huyu ahitaji saa 11 hadi 14 za kulala katika kila saa 24, pamoja na usingizi wa mchana.

Aonwe na muuguzi mtoto asiyetembea akiwa na miezi 18, asiyeonyesha vitu kwa kidole, asiyeunganisha maneno mawili afikapo miaka miwili, na hasa yule aliyekuwa akisema au akitembea kisha akaacha. Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita, na dawa ya minyoo vivyo hivyo tangu mwaka wa kwanza. Chanjo ya pili ya surua na rubela ni katika mwezi wa 18. Chanjo ya malaria, ambayo ilizinduliwa nchini Kenya katika Kaunti hii ya Homa Bay mwezi Septemba 2019, ilianza kwa mpango wa kutolewa mara nne, ya mwisho mtoto akiwa na miezi 24. Ratiba huweza kubadilishwa na Wizara, kwa hiyo mama aendapo hospitali ya Rachuonyo au zahanati iliyo karibu naye achukue kijitabu cha mtoto, amwombe muuguzi atazame ni chanjo ipi ambayo haijatiwa alama, tena aulize juu ya chandarua kama kile cha nyumbani kimetoboka.